Constantia: Mvinyo Uliolala Miaka Mia Moja

Mwaka 1885 shamba la Groot Constantia, lililowahi kupeleka mvinyo kwenye meza za wafalme wa Ulaya, lilipigwa mnada. Serikali ya Koloni la Rasi, katika Afrika Kusini ya leo, ililinunua kwa pauni 5,275. Familia ya Cloete, iliyolishika shamba hilo tangu 1778, ilikuwa imefilisika. Januari ya mwaka uliofuata, huko Mowbray, mwendo mfupi tu kutoka hapo, akagunduliwa mdudu mdogo kuliko chawa, anafyonza mizizi ya mizabibu. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi mvinyo ule ukakosa mwenyewe, na mizabibu ikakosa mizizi.

Uliporudi tena ilikuwa 1986, miaka mia kamili tangu mdudu yule aonekane. Habari hii ni ya namna ulivyorudi. Lakini ni lazima kwanza tujue ulikotoka, maana mvinyo huu ulipofufuliwa haukufufuka na watu wake wote.

Bonde la Constantia liko kusini mwa Cape Town, kwenye miteremko ya mashariki ya safu ya milima inayoanzia Table Mountain. Ukisimama juu ya mashamba unaiona bahari ya False Bay. Upepo wa kusini-mashariki unapanda kutoka huko wakati wa kiangazi na kuzipoza zabibu zisiungue, na mvua kubwa hunyesha wakati wa baridi, mizabibu ikiwa imelala bila jani. Kulala huko ndiko kunakoitofautisha na mizabibu tunayoijua sisi. Mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mzabibu wake hauoni baridi ya kuulaza; yeye mwenyewe huamua kuulaza na kuuamsha kwa mkasi wa kupogolea. Constantia huvuna mara moja, kuanzia Januari, na wanaotaka mvinyo mtamu husubiri hadi Machi au Aprili, vichala vianze kunyauka mtini.

Mizabibu ililetwa Rasi na Waholanzi. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki ilimtuma Jan van Riebeeck mwaka 1652 kufungua kituo cha kulisha meli zake zilizokuwa zikienda na kurudi kati ya Ulaya na Asia. Pingili za kwanza zilipandwa 1655. Tarehe 2 Februari 1659 Van Riebeeck aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba zabibu za Rasi zimekamuliwa mvinyo kwa mara ya kwanza, naye anamshukuru Mungu. Kwa hiyo ni mvinyo wenye tarehe ya kuzaliwa, jambo adimu katika historia ya kilimo cha bara letu, ambako mazao mengi tunayokula leo yaliingia bila mtu kuandika siku wala mwezi.

Constantia yenyewe ilianzishwa na Simon van der Stel. Alifika Rasi mwaka 1679 kuwa mkuu wa kituo, na mwaka 1685 akapewa ardhi yenye ukubwa wa morgen 891, karibu hekta 760, chini ya mlima. Van der Stel alizaliwa mwaka 1639 baharini, wazazi wake wakiwa safarini kwenda Mauritius, na bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa Kihindi aliyejulikana kwa jina la Monica, ambaye alipata kuwa mtumwa. Karibu miaka mia tatu baadaye, sheria za rangi za Afrika Kusini ziliwafukuza bondeni humo watu wenye nasaba iliyochanganyika namna hiyo hiyo. Nitalirudia jambo hilo.

Van der Stel alikuwa mkulima mkali. Hakukubali zabibu zivunwe kabla hazijaiva, na mvinyo wake ukapata sifa mapema. Alipofariki mwaka 1712, shamba liligawanywa sehemu tatu: Groot Constantia, yaani Constantia Kubwa, Klein Constantia, yaani Ndogo, na Bergvliet. Msomaji asichanganyikiwe na majina. Klein Constantia ya wakati ule baadaye iliitwa Hoop op Constantia, na shamba linaloitwa Klein Constantia leo lilimegwa kutoka Groot Constantia mwaka 1823.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye vitabu vingi vya mvinyo humpitia haraka mno. Katika miaka ya 1720 ile Klein Constantia ya kwanza ilikuwa mikononi mwa Johannes Colijn. Mama yake aliitwa Maria Evert, na watu wa Rasi walimwita Maria Evert Mweusi. Wazazi wa Maria, Evert na Anna, waliletwa Rasi kama watumwa kutoka Guinea, Afrika Magharibi, wakapata uhuru wao. Mjukuu wao huyu ndiye aliyeuza Constantia nyekundu na nyeupe Ulaya mwaka baada ya mwaka, wakati Groot Constantia ikiwa imezorota, na uzao wake ukaendelea na kazi hiyo baada yake. Anayesema kwamba mvinyo maarufu kuliko yote ya Afrika ulitengenezwa na Wazungu peke yao, hajafika kwenye ukurasa wa Colijn.

Na bado mjukuu huyo wa watumwa aliishi katika nchi iliyoendeshwa na watumwa. Hakuna njia ya kulipamba jambo hili. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya 1652 na 1808 watu wapatao 63,000 waliletwa Rasi utumwani: kutoka India, kutoka visiwa vya Indonesia, kutoka Madagascar, na kutoka pwani ya mashariki ya Afrika, hasa Msumbiji. Kampuni haikuishia Msumbiji. Kati ya 1776 na 1778 meli zake zilikuja pwani ya Waswahili, Zanzibar ikiwemo, kununua watu wa kupeleka Rasi, na kumbukumbu za safari hizo zilizoandikwa na wanamaji wenyewe zimehifadhiwa hadi leo. Ni miaka ile ile Hendrik Cloete alipokuwa akijiandaa kuinunua Groot Constantia.

Waliofika walinyang'anywa majina. Mtu aliyetoka Msumbiji aliandikwa van Mosambiek, wa Madagascar akawa van Madagascar, wa Bengali akawa van Bengalen, na mbele ya hayo likawekwa jina lolote lililompendeza mwandishi: jina la mwezi, jina la mungu wa Kigiriki, jina la mfalme wa Biblia. Hao ndio waliolima, waliopogoa, waliovuna, waliokanyaga zabibu kwa miguu na kusukuma mapipa. Mvinyo mtamu wa Constantia ulihitaji mikono mingi kuliko mvinyo wa kawaida, kwa kuwa vichala haviivi wala kunyauka pamoja. Mtu hupita shambani, akachagua, akarudi tena baada ya siku kadhaa, akachagua tena. Starehe ya mfalme mmoja ilijengwa juu ya migongo ya watu waliopita njia moja mara kumi chini ya jua la Machi.

Cloete alipoinunua Groot Constantia mwaka 1778 aliikuta imechoka. Akapanda upya, akatengeneza nyumba, na mwaka 1791 akakamilisha ghala la mvinyo ambalo lipo hadi sasa. Mwandani wake katika ujenzi alikuwa Louis Michel Thibault, msanifu majengo kutoka Ufaransa, na mapambo ya mbele ya ghala yalichongwa na Anton Anreith, Mjerumani. Cloete alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na Kampuni, iliyomlazimisha kuiuzia sehemu ya mvinyo kila mwaka kwa bei iliyoipanga yenyewe huku ikiuza Ulaya kwa faida kubwa. Mkulima yeyote wa pamba au korosho aliyewahi kubanwa na mnunuzi mmoja ataelewa hasira zake, hata kama hatamsamehe kwa watumwa aliowamiliki.

Sifa ya Constantia ilipanda hadi ikaingia katika fasihi. Jane Austen aliutaja katika riwaya yake ya 1811, Sense and Sensibility, ambamo mama mmoja anaushauri uwe dawa ya msichana aliyevunjika moyo. Charles Baudelaire aliutia katika shairi moja la diwani yake ya 1857, na Charles Dickens katika riwaya yake ya mwisho, ambayo hakuimaliza kabla ya kufa mwaka 1870. Na Napoleon, aliyefungwa kisiwani St. Helena kuanzia 1815 hadi kifo chake 1821, aliletewa Constantia kutoka Rasi. Mtu aliyetawala nusu ya Ulaya akamalizia siku zake kwa mvinyo wa Afrika.

Kuanguka kulianza taratibu, tena kulianzia London na wala si shambani. Waingereza, waliolishika Rasi moja kwa moja tangu 1806, waliupa mvinyo wa koloni lao nafuu ya ushuru mwaka 1813, wakati wa vita na Napoleon. Wakulima wakapanda mizabibu kwa pupa. Vita vilipokwisha, nafuu ile ikaanza kupunguzwa mwaka 1825, na mwaka 1860 Uingereza ikatia saini mkataba wa biashara na Ufaransa. Ushuru ukasawazishwa, mvinyo wa Ufaransa uliokuwa ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari ukashuka bei, na ule wa Rasi, unaosafiri miezi baharini, ukakosa mnunuzi.

Katikati ya hayo lilitokea jambo jema. Tarehe 1 Desemba 1834 utumwa ulifutwa katika Koloni la Rasi. Lakini walioachiwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, wakiitwa wanagenzi, hadi 1 Desemba 1838. Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 za fidia kwa himaya nzima, na fedha hizo wakapewa waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti. Nimesoma waandishi wanaoorodhesha kufutwa kwa utumwa miongoni mwa "matatizo" yaliyoikumba Constantia, kana kwamba ni ugonjwa wa mimea. Sikubaliani nao hata kidogo. Kazi isiyoweza kusimama bila mtu kumilikiwa ilistahili kuanguka.

Magonjwa yenyewe yalikuja baadaye. Mwaka 1859 ulifika ubwiri unga, ule ukungu mweupe ambao wakulima wa mikorosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu vizuri na kuupiga kwa unga wa salfa. Salfa iliokoa mizabibu mingi. Mdudu wa 1886 hakuwa na salfa yake. Filoksera, ndilo jina lake, alitoka Amerika Kaskazini, akaiteketeza mizabibu ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860, kisha akavuka bahari hadi Rasi. Hula mizizi chini ya ardhi, na mkulima anapoona majani yanageuka manjano, shina limekwisha kitambo.

Dawa ilipatikana kule kule alikotoka mdudu. Mizabibu ya porini ya Amerika imeishi naye muda mrefu, na mizizi yake inamstahimili. Basi unachukua shina la Kiamerika liwe mizizi, unalibebesha pingili ya mzabibu wa Ulaya, na juu unapata zabibu unayoitaka. Serikali ya Rasi iliitumia Groot Constantia kwa kazi hiyo hasa: shamba lililokuwa fahari ya matajiri likawa kitalu cha miche na mahali pa kufundishia, chini ya mtaalamu kutoka Austria, Baron Carl von Babo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi ya heshima kuliko zote shamba lile liliyowahi kufanya. Miche iliyobebeshwa ilisambaa Rasi nzima na kilimo cha zabibu kikaokoka.

Lakini kilichookoka hakikuwa Constantia. Wakulima waliopanda upya walitaka mzabibu unaozaa sana, na mvinyo mwingi ulipikwa ukawa brandi. Mwaka 1918 kiliundwa chama cha ushirika cha KWV, ambacho kwa miongo mingi kilipanga bei na kiasi ambacho kila mtu angeruhusiwa kulima, hadi mfumo wa vibali ulipoondolewa 1992. Chini ya mpango kama huo hakuna mwenye akili timamu angeacha zabibu zinyauke mtini na kupoteza nusu ya uzito wake. Mvinyo mtamu ukafa kimya kimya. Tarehe 19 Desemba 1925 hata nyumba kubwa ya Groot Constantia iliungua. Ilijengwa tena na kufanywa makumbusho, lakini makumbusho hayakamui zabibu.

Bondeni walibaki watu. Wazao wa watumwa walioachiwa 1838 waliendelea kuishi Constantia kwa vizazi, wakilima mboga na maua na kufanya kazi mashambani, Wakristo na Waislamu pamoja. Wengine walilipwa sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo vilivyogawiwa kuanzia asubuhi, desturi iliyoitwa dop. Desturi hiyo ilienea mashamba mengi ya Rasi na iliendelea sehemu nyingi hata baada ya kupigwa marufuku. Imeacha ulevi ndani ya familia, na watoto waliozaliwa wamedhurika kwa pombe tumboni mwa mama zao; Rasi ya Magharibi ina watoto wa namna hiyo kwa kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Kisha ikaja sheria ya 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi. Katika miaka ya 1960 Constantia ikawa ya Wazungu tu. Familia zilizokuwa hapo tangu enzi za babu wa babu zikahamishiwa kwenye tambarare zenye mchanga za Cape Flats, na bonde likawa mtaa wa matajiri.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa mwaka 1980, Duggie Jooste aliponunua Klein Constantia. Jooste alitoka katika familia ya biashara ya vileo, na alichonunua kilikuwa shamba lililoachwa: majani marefu, nyumba ya kale iliyochakaa, na mji unaupanda mlima kwa kasi. Ardhi ile ingeweza kugeuzwa viwanja vya nyumba, na ingempa fedha nyingi zaidi na kwa haraka. Yeye alianza kupanda mizabibu mwaka 1982.

Alikuwa na Ernst le Roux kwa upande wa shamba na Ross Gower kwa upande wa mvinyo, na alipata msaada wa Profesa Chris Orffer wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Swali lao lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Utautengenezaje mvinyo ambao hakuna mtu aliye hai aliyeutengeneza? Wakarudi kwenye karatasi. Kumbukumbu za zamani za Rasi zilitaja aina za zabibu zilizopandwa Constantia, na iliyokuwa kiini cha mvinyo mtamu ni ile ambayo watu wa Rasi huiita muscadel, zabibu ndogo yenye harufu kali ya maua, inayojulikana Ufaransa kama Muscat de Frontignan. Orffer akasaidia kuchagua pingili kutoka kwenye mizabibu ambayo kwa kila dalili ilikuwa uzao wa ile ya kwanza, iliyopitishwa kutoka shina hadi shina kwa miaka mia tatu.

Tafakari hapo kidogo. Mzabibu haupandwi kwa mbegu; mbegu huzaa mti mwingine, wenye tabia nyingine. Pingili ndiyo mti ule ule, umehamishwa. Kila aliyekata na kupanda, kutoka wakati wa Van der Stel hadi Orffer, alikuwa anauendeleza mmea mmoja, hata ulipowekewa mizizi ya Kiamerika. Na wengi wa waliokata na kupanda katika karne na nusu za mwanzo ni wale walioandikwa van Mosambiek na van Madagascar. Pingili hizo zilifika 1982 kwa sababu mikono yao haikuziacha zife.

Kisha ikabidi waamue namna ya kutengeneza. Mvinyo mtamu hupatikana kwa njia nyingi. Unaweza kumwagia pombe kali ili kuzima uchachu kabla haujamaliza sukari, kama wafanyavyo Wareno huko Porto. Unaweza kusubiri ukungu maalumu ukaushe zabibu, kama ilivyo Sauternes huko Ufaransa. Timu ya Klein Constantia ilikataa zote mbili. Zabibu huachwa mtini hadi zikunjamane, nyingine zikaribie kuwa zabibu kavu kabisa. Wavunaji hupita mara nyingi: za mwanzo huvunwa zikiwa bado na ukali, za mwisho zikiwa zimejaa sukari. Zikichanganywa, utamu haukinaishi. Chachu hufanya kazi polepole kwa miezi, maana sukari nyingi huilemea, na huishia ikiwa imeacha gramu 160 au zaidi za sukari katika kila lita. Baada ya hapo mvinyo hukaa miaka kadhaa ndani ya mapipa ya mwaloni.

Mavuno ya kwanza ya mvinyo huo yalikuwa ya 1986. Waliupa jina la Kifaransa, Vin de Constance, lile lile lililotumika Ulaya enzi za Napoleon, na kuutia katika chupa fupi nzito ya nusu lita iliyofinyangwa kwa umbo la chupa za kale. Ulitoka sokoni mwaka 1990. Hakuna aliyepanga hivyo, lakini ndio mwaka Nelson Mandela alipotoka gerezani tarehe 11 Februari, akiwa Paarl, katikati kabisa ya nchi ya mizabibu. Vikwazo vilipoondolewa, milango ya dunia ikafunguka kwa bidhaa za Afrika Kusini, na mvinyo uliokuwa tayari chupani ukawa miongoni mwa vitu vya kwanza kupita.

Majirani nao waliamka. Buitenverwachting, sehemu nyingine ya ardhi ya Van der Stel, ilikarabatiwa katika miaka hiyo hiyo ya 1980 na kuanza tena kukamua. Groot Constantia, iliyokuwa mali ya serikali kwa zaidi ya miaka mia, iliwekwa chini ya mfuko wa amana mwaka 1993, na kwa mavuno ya 2003 ikarudia mvinyo wake mtamu, Grand Constance. Mwaka 2011 familia ya Jooste iliuza Klein Constantia kwa wawekezaji wa kimataifa. Leo chupa ya Vin de Constance hugombewa na wakusanyaji wa mvinyo kutoka London hadi Hong Kong.

Nauheshimu ufufuo huu. Jooste angeweza kuuza viwanja akaishi vizuri. Badala yake alitia fedha na miaka yake katika kitu ambacho huenda kisingefanikiwa. Orffer na wenzake walifanya kazi ya utafiti ambayo nchi zetu zinaihitaji kwa mazao yetu yaliyopotea: mpunga wa zamani, mtama wa wazee, machungwa ya mashamba yaliyotelekezwa. Wametuonyesha kwamba kilichoandikwa vizuri kinaweza kurudishwa.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo siwezi kunyamaza. Karatasi zilizotaja muscadel ni za Kampuni ile ile iliyoandika watu kwa bei zao, na safari zake za Zanzibar kwa idadi ya vichwa vilivyonunuliwa. Aliyeweza kusoma humo aina ya zabibu angeweza kusoma humo jina la aliyeivuna. Zabibu imepata shamba, chupa, jina lake la zamani na bei kubwa kuliko ya zamani. Evert na Anna van Guinea, mjukuu wao Colijn, na maelfu waliokanyaga zabibu baada yao, wamepata mistari michache katika vitabu vya wataalamu. Baadhi ya familia zilizofukuzwa Constantia zilidai ardhi yao chini ya sheria ya 1994 ya kurudisha ardhi, na nyingine zimefanikiwa, lakini njia imekuwa ndefu. Wapo wazee waliofariki wakiwa bado wanasubiri. Mzabibu ulirudishwa bondeni kwa miaka minne.

Kuna kaburi mlangoni mwa Klein Constantia. Ni la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mtawala na mwanazuoni kutoka Sumatra ambaye Waholanzi walimkamata na kumleta Rasi uhamishoni katika miaka ya 1660, kabla Van der Stel hajafika na kabla shina moja la mzabibu halijapandwa bondeni humo. Alipigwa marufuku kurudi kwao, akafundisha dini kwa watumwa kando ya kijito, akafia hapo. Waislamu wa Cape Town huzuru kaburi lake hadi leo, na wageni wanaokwenda kuonja mvinyo hulipita kwa magari yao.

Wewe msomaji wa Kiswahili utakayejaliwa kufika Cape Town, uwe mnywaji au usiwe, usianzie Constantia. Anzia mjini, Adderley Street, kwenye jumba la Slave Lodge, lililojengwa 1679 kuwa makazi ya watumwa wa Kampuni na sasa ni makumbusho. Waulize wenyeji wako habari za walioandikwa van Mosambiek, van Madagascar, na wale walioletwa kutoka pwani yetu. Kisha panda bondeni, na ukifika mlangoni mwa Klein Constantia, simamisha gari kwenye kaburi kabla ya kuingia shambani.